Matone Barabarani: Habari za Mwendo Katika Mstari Mnyoofu

Mhariri wa sehemu ya Kiswahili ameniomba niandike habari ya Fizikia ambayo hata mtu asiyeisoma darasani ataweza kuifuata bila taabu. Nimechagua mwendo wa kitu kiendacho katika mstari mnyoofu. Hilo ni miongoni mwa mambo ya kwanza anayofundishwa kijana anayeanza Fizikia, na kwa kadiri nilivyoona katika miaka yangu ya kufundisha, ndilo analolisahau upesi. Hukariri kanuni tatu au nne, huziandika katika karatasi ya mtihani, na alama zake huzipata. Kisha hupanda basi kurudi nyumbani likizo, dereva akalikimbiza, naye ameketi kiti cha mbele akifurahi, wala haoni kwamba kanuni zile zilikuwa zikimhusu yeye na dereva wake. Nanyi wanafunzi wa zamani, ambao wengi wenu sasa mwaendesha magari yenu wenyewe, msiupite ukurasa huu mkidhani ni wa watoto. Sehemu yenu iko mbele.

Nitaanza na mkebe. Twaa mkebe mtupu wa rangi, mpana kadiri utakavyoupata, utoboe chini kwa msumari mwembamba, uujaze maji, uufunge nyuma ya baisikeli karibu sana na ardhi. Kitundu kiwe kidogo, maji yatoke tone tone wala si mfululizo. Kisha panda baisikeli uende katika barabara ya vumbi iliyonyoka, wakati wa kiangazi, asubuhi kabla magari hayajaanza kupita. Ukishuka na kutazama nyuma utaona safu ya alama ndogo nyeusi katika vumbi. Safu hiyo ni habari nzima ya mwendo wako. Baina ya tone na tone ni muda ule ule, tuseme sekunde moja. Basi nafasi iliyopo baina ya alama mbili yakuambia ulikwenda umbali gani katika sekunde ile. Mwenye macho makali atasema kwamba maji yakipungua matone huchelewa, na kwamba tone likiachana na mkebe huendelea mbele kidogo pamoja na baisikeli kabla ya kugusa ardhi. Asema kweli. Ndiyo sababu nikataka mkebe uwe mpana, uwe chini, na safari iwe fupi.

Sasa tuulize: tone la tano liko wapi? Swali hili laonekana jepesi, lakini halina jibu mpaka tukubaliane kwanza tunapima kutoka wapi na kuelekea upande gani. Mtu akisema "Jinja iko kilomita 80" hajasema kitu, isipokuwa sote twajua kwamba ahesabu kutoka Kampala kwa njia ya barabara. Kwa hiyo katika Fizikia jambo la kwanza ni kuchagua mahali pa kuanzia, tupaite sifuri. Tuseme ni mlango wa shule. Kila kilicho upande wa kulia wa mlango tunakipa alama ya kujumlisha, na kila kilicho kushoto alama ya kutoa. Kibanda cha fundi baisikeli kiko +150, yaani mita 150 kulia. Kisima kiko −90. Katika mstari mnyoofu hakuna pande nyingine, na hiyo ndiyo raha ya somo hili: alama moja ndogo yatosha kutuambia upande.

Tukishajua mahali, twaweza kusema habari ya kuhama. Hapa yako mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Ukitoka mlangoni ukaenda kwa fundi, kisha ukarudi mpaka kisimani, umetembea mita 150 za kwenda, na 150 za kurudi, na 90 zaidi, jumla mita 390. Huo ndio umbali, na miguu yako yaujua vyema. Lakini ukiulizwa umehama kiasi gani kutoka pale ulipoanza, jibu ni −90: mita 90 tu, upande wa kushoto. Jibu la kwanza halijali upande. La pili lataka upande, na halijali ulizunguka wapi katikati.

Mfano mkubwa wa jambo hili haukutokea katika mstari mnyoofu, lakini siwezi kuuacha. Tarehe 7 Oktoba 2020, katika mji wa Valencia huko Hispania, Joshua Cheptegei wa Uganda alikimbia mita 10,000 kwa dakika 26 na sekunde 11, na hakuna mtu aliyekuwa amekimbia mbio hizo upesi hivyo kabla yake. Uwanja una mzunguko wa mita 400, naye aliuzunguka mara 25. Umbali wake ni mita 10,000. Lakini alimaliza katika mstari ule ule alioanzia, kwa hiyo kuhama kwake ni sifuri. Mkimbiaji wa rekodi ya dunia na mtazamaji aliyekaa kitini walihama sawasawa. Usiende kumwambia babu yako maneno haya bila ya maelezo, atauliza karo inalipwa kwa ajili gani.

Tugawanye sasa kwa muda. Umbali ukigawanywa kwa muda twapata kasi. Cheptegei alitumia sekunde 1,571. Basi kasi yake ya wastani ilikuwa karibu mita 6.4 kwa kila sekunde, yaani kama kilomita 23 kwa saa. Lakini tukichukua kule kuhama badala ya umbali, twapata kitu kingine ambacho wataalamu hukiita velositi, nacho ni kasi pamoja na upande wake. Velositi ya wastani ya Cheptegei siku ile ilikuwa sifuri. Katika barabara yetu yenye mlango wa shule, magari mawili yenye kasi moja, moja laenda Kampala na jingine latoka Kampala, yana velositi mbili mbalimbali, moja ya kujumlisha na moja ya kutoa. Anayetaka kujua tofauti hiyo yafaa nini, na aangalie magari mawili yanapokabiliana usiku katika barabara nyembamba. Kila moja lina kilomita 80 kwa saa, lakini yanakaribiana kwa 160.

Kuhusu vipimo nitasema kwa ufupi. Saa ina sekunde 3,600 na kilomita ina mita 1,000, kwa hiyo ukitaka kugeuza mita kwa sekunde ziwe kilomita kwa saa, zidisha kwa 3.6. Mita 10 kwa sekunde ni kilomita 36 kwa saa. Mita 20 ni kilomita 72. Wazee wetu waliosoma zama za maili na futi walikuwa na yao: maili 60 kwa saa ni futi 88 kwa kila sekunde, na najua wako ambao hata leo ukiwaamsha usiku wataitaja.

Neno "wastani" nimelitaja mara kadha, nalo lina hila ndani yake. Wastani huficha mambo. Nitachukua mbio za mita 100, maana hizo zakimbiwa katika mstari mnyoofu kabisa. Wanafunzi wa zamani watamkumbuka Seraphino Antao wa Mombasa, aliyeshinda yadi 100 na yadi 220 katika michezo ya Jumuiya ya Madola kule Perth, Australia, mwaka 1962. Mbio zake hazikupimwa kipande kwa kipande kama tufanyavyo siku hizi, kwa hiyo nitamchukua Usain Bolt wa Jamaika. Tarehe 16 Agosti 2009, mjini Berlin, alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.58. Gawanya, upate mita 10.44 kwa sekunde. Je, alikuwa akienda mita 10.44 kwa sekunde njia nzima? Hata kidogo. Mita 10 za kwanza zilimchukua sekunde 1.89, pamoja na kile kitambo cha kusikia bunduki. Mita 10 za pili, sekunde 0.99. Za tatu 0.90, za nne 0.86, za tano 0.83, za sita 0.82, za saba 0.81. Kisha 0.82, na 0.83, na 0.83 tena.

Zitazame namba hizo polepole. Upesi wake mkubwa ulikuwa baina ya mita ya 60 na ya 70, ambapo mita 10 kwa sekunde 0.81 ni zaidi ya mita 12.3 kwa sekunde, au kilomita 44 kwa saa. Baada ya hapo hakuongeza kitu, alipunguza kidogo. Vijana wetu wa riadha hupenda kusema kwamba bingwa "hufungulia" mita 20 za mwisho. Kipimo chasema sivyo. Wote hupungua, bingwa hupungua kidogo kuliko wenzake, na macho yetu yanayowatazama wote pamoja hudhani yeye ndiye aliyeongeza.

Hapo ndipo tunapofika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Kasi ni kitu kimoja, na kubadilika kwa kasi ni kitu kingine. Huko kubadilika, kukipimwa kwa kila sekunde, kunaitwa mchapuko. Bolt alipokuwa na kasi kubwa kuliko zote mchapuko wake ulikuwa karibu sifuri, na alipokuwa na mchapuko mkubwa, pale mwanzoni, kasi yake ilikuwa bado ndogo. Rudi kwenye matone yetu. Matone yakiwa na nafasi sawasawa, kasi ni moja na mchapuko hakuna, hata kama nafasi hizo ni kubwa namna gani. Nafasi zikizidi kupanuka, kuna mchapuko. Zikizidi kubanana, kuna mchapuko pia, ila wa kurudi nyuma, nao tunaupa alama ya kutoa.

Mtu aliyetufundisha kuzisoma nafasi hizo ni Galileo Galilei wa Italia, katika kitabu chake kilichochapishwa mjini Leiden mwaka 1638. Hakuwa na saa ya kuhesabu sekunde. Alitwaa ubao mrefu wa dhiraa 12 hivi, akauchimba mfereji mwembamba ulionyoka, akaulaza kwa kuuinua upande mmoja, akauteremshia tufe la shaba lililosuguliwa vizuri. Muda aliupima kwa maji: chombo kikubwa kilitoa maji kwa mrija mwembamba, naye akayapima kwa mizani yale yaliyotoka wakati tufe likiteremka. Atuambia alirudia jambo hili mara mia nzima. Kwa nini alaze ubao, asiangushe tufe tu? Kwa kuwa kitu kiangukacho huenda upesi mno kwa vyombo vyake. Ubao uliolazwa hupunguza ukali wa mwendo bila ya kubadili tabia yake. Hilo kwangu ni wazo bora kuliko mashine nyingi za gharama.

Aliona nini? Nawe waweza kuliona kwa baisikeli yako. Panda juu ya kilima kidogo, uiachilie iteremke bila ya kupiga pedali. Tuseme kilima chakuongezea nusu mita kwa sekunde katika kila sekunde. Sekunde ya kwanza waanza na sifuri na kumaliza na 0.5; wastani ni 0.25, basi umekwenda sentimita 25. Sekunde ya pili waanza na 0.5 na kumaliza na 1. Umekwenda sentimita 75. Ya tatu 125, ya nne 175. Gawanya zote kwa 25, upate 1, 3, 5, 7. Namba witiri, kwa mpango wake! Sasa zijumlishe kutoka juu ya kilima: 1, kisha 4, kisha 9, kisha 16. Ukiteremka kwa muda mara mbili, umekwenda umbali mara nne; muda mara tatu, umbali mara tisa. Kilima kikali kidogo kitabadili sentimita, lakini mpango huo hakitaubadili, mpaka upepo na mnyororo mkavu uanze kukuzuia.

Jambo moja zaidi juu ya mchapuko, kisha nitakwenda kwenye magari. Rusha embe juu wima. Lapanda likipungukiwa na kasi, lasimama kitambo kidogo sana huko juu, kisha lashuka. Pale juu kabisa velositi yake ni sifuri. Na mchapuko je? Katika kila darasa nilipouliza, mikono mingi ilipigia kura sifuri. Lakini kama mchapuko ungekuwa sifuri, velositi isingebadilika, na embe lingebaki huko juu likining'inia hewani. Mchapuko wake ni ule ule njia nzima, mita 9.8 kwa sekunde katika kila sekunde, kuelekea chini: wakati wa kupanda, wakati wa kusimama, na wakati wa kushuka.

Basi tuje barabarani. Fikiri kwamba gari lina mkebe wetu nyuma yake, na dereva aona ng'ombe mbele. Matone ya kwanza baada ya kumwona yana nafasi ile ile ya zamani, maana gari bado halijajua habari. Macho lazima yaone, akili ifahamu, mguu uondoke kwenye mafuta ukanyage breki. Tuseme kazi hiyo yote yachukua sekunde moja. Kisha matone yaanza kubanana. Tuseme breki zapunguza mita 5 kwa sekunde katika kila sekunde. Gari dogo lenye breki nzuri katika lami kavu laweza zaidi ya hapo. Gari lenye matairi yaliyoisha, katika barabara ya udongo wakati wa mvua, haliwezi hata hizo.

Gari la kilomita 36 kwa saa, yaani mita 10 kwa sekunde, lapita mita 10 kabla breki haijakanyagwa. Kisha lachukua sekunde 2 kusimama, kwa wastani wa mita 5 kwa sekunde, yaani mita 10 nyingine. Jumla 20. Gari la kilomita 72 lapita mita 20 kwanza. Halafu lachukua sekunde 4 kwa wastani wa mita 10, yaani mita 40. Jumla 60. Kasi imezidi mara mbili, lakini njia ya breki imezidi mara nne, kwa kuwa muda wa kusimama umezidi mara mbili na wastani nao umezidi mara mbili. Hii ni hesabu ya Galileo ikisomwa kinyume. Kwa kilomita 108, mita 30 na 90, jumla 120. Nenda katika kiwanja chetu cha mpira uone mita 120 ni nini: huenda zikakitoka.

Sasa sikilizeni hesabu hii, hasa ninyi mnaoendesha. Magari mawili yaenda sambamba, moja kwa kilomita 72, la pili kwa kilomita 90, yaani mita 20 na mita 25 kwa sekunde. Mita 60 mbele yao mtoto ametokea na dumu lake la maji, akasimama kwa hofu. Madereva wote wawili wamwona wakati mmoja, na breki ni sawa. La kwanza lasimama likiwa karibu kumgusa. La pili je? Wengi hukisia kwamba litakuwa likitambaa, maana tofauti ilikuwa kilomita 18 tu. Tuhesabu. Katika sekunde ya kuona lapita mita 25. Katika sekunde ya kwanza ya breki kasi yashuka kutoka 25 hadi 20, wastani 22.5, sasa limepita mita 47.5, na bado lina mita 20 kwa sekunde. Zimebaki mita 12.5, nazo lazimaliza kabla sekunde ya pili ya breki haijatimia, katika sehemu 7 hivi za 10 za sekunde. Katika kitambo hicho breki zapunguza mita 3.4 tu. Gari lafika alipo mtoto likiwa na mita 16.6 kwa sekunde. Zidisha kwa 3.6: kilomita 60 kwa saa, karibu kabisa.

Mara ya kwanza nilipoiandika hesabu hii ubaoni, darasa zima lilinyamaza, kisha kijana mmoja akasimama akaomba tuirudie tangu mwanzo. Tuliirudia. Nanyi irudieni, kwa kasi nyingine na breki nyingine.

Kwa wale wasiotaka kuamini namba za ubaoni, iko kazi ya Jumamosi. Pimeni mita 100 kando ya barabara ipitayo mbele ya shule, ng'ambo ya mtaro na si juu ya lami, mkasimike kijiti kila mwisho. Mmoja asimame kwenye kijiti cha kwanza na kitambaa, akishushe gari linapompita. Wengine watatu wakae kwenye kijiti cha pili wenye saa, waanze kuhesabu kitambaa kishukapo na kukoma gari liwafikiapo. Gawanyeni 360 kwa sekunde mlizopata, na jibu ni kilomita kwa saa. Likipita kwa sekunde 10, lina 36. Likipita kwa 7.2, lina 50, ambazo ndizo kikomo cha kawaida mijini. Kwa sekunde 4.5, lina 80. Nimetaka watu watatu wenye saa kwa sababu kosa la nusu sekunde si dogo hapa: gari la sekunde 5 lina 72, lakini mkono ukichelewa kidogo mtaliandikia 65. Chukueni wastani wa watatu, mwandike na aina ya gari, na kama barabara ilikuwa kavu au imelowa. Vitabu vyenu vya hesabu hizo nitavipokea kwa furaha kabla ya likizo.